Sura ya Sita: Lini na Wapi, Ndipo Nani
Kuwatambua wahenga wa Kinorwei katika picha za ukoo

Tarehe 4 Julai 1825, meli ndogo ya matanga iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger, kusini-magharibi mwa Norwei, ikaelekea New York. Ilibeba watu 52, na mtoto mmoja akazaliwa baharini. Katika miaka mia moja iliyofuata, Wanorwei zaidi ya 800,000 waliifuata njia hiyo ya Atlantiki, wengi wao wakaishia Wisconsin, Minnesota, Iowa na Dakota. Mwaka 1882 peke yake waliondoka zaidi ya 28,000, na nchi nzima wakati huo haikufikisha watu milioni mbili.

Koo zilizogawanyika namna hiyo ziliunganishwa na barua, na ndani ya barua mliwekwa picha. Mwana aliyeko Minnesota alimtumia mama yake picha aone kwamba amenenepa na ana koti jipya. Mama naye, kabla macho hayajafumba, alipanda mtumbwi mpaka mjini akapigwa picha ya kumpelekea mwana ambaye hakutarajia kumwona tena. Leo picha hizo zimo katika albamu za Marekani na katika makasha ya Norwei, na nyingi hazina jina hata moja. Waliozihifadhi hawakuona haja ya kuandika, kwani ni nani angemsahau mama yake? Kizazi cha kwanza kilijua, cha pili kilikumbuka, cha nne kimebaki na nyuso.

Inawezekana kuyarudisha majina mengi kati ya hayo, ila kuna utaratibu wake. Anayeanza kwa kuuliza "huyu ni nani?" kwa kawaida hupata jibu analolitamani. Ameshasikia habari za bibi fulani, anaona mwanamke mwenye sura ya upole, na jina linakaa pale kana kwamba lilikuwapo siku zote. Mtafiti makini huuliza kwanza picha ilipigwa lini, kisha wapi, ndipo aulize ni nani. Kwa picha za Wanorwei utaratibu huu ni wa lazima. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 watu wa mashambani hawakuwa na jina la ukoo linalorithiwa, lakini kanisa na serikali viliandika karibu kila kitu kingine kuwahusu. Ukiwa na mwaka na mahali, milango ya kumbukumbu hizo inafunguka. Ukiwa na jina tu, utakutana na mamia ya akina Ole Olsen.

Kadi kabla ya uso

Ishike picha, uipime, uigeuze. Kitu chenyewe kinasema mengi kabla hujamtazama aliyemo.

Picha za mwanzo kabisa, dagerotipu za miaka ya 1840 na 1850, zilichapwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kutunzwa ndani ya kijaluba. Zilikuwa ghali, na mkulima wa bondeni hakuzimudu. Zikafuata picha za bati, zilizochapwa juu ya kipande chembamba cha chuma. Hizi zilienea zaidi Marekani, kwa hiyo picha ya bati ndani ya albamu ya Wanorwei ni dalili, ingawa si uthibitisho, kwamba mhusika alikuwa ameshavuka bahari.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1860 hivi, ilipoenea kadi ndogo ambayo Wanorwei waliiita visittkort, yenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 10 hivi. Ilipigwa kwa wingi, ikauzwa kwa dazani, ikapita katika bahasha. Kuanzia mwaka 1866 ikaja kubwa zaidi, kabinett, yenye sentimita 11 kwa 16 na nusu. Aina hizo mbili zilitawala mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, zilipozipisha picha zilizochapwa moja kwa moja kwenye kadi ya posta.

Ndani ya miongo hiyo minne, kadi yenyewe ilibadilika sura. Kadi za miaka ya 1860 ni nyembamba, pembe zake za mraba, na mara nyingi zinamwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi miguuni akiwa amesimama kando ya kiti au nguzo ya mapambo. Baadaye pembe zikawa za mviringo, karatasi ikanenepa, kamera ikasogea karibu na uso. Katika miaka ya 1880 na 1890 kingo zilipakwa dhahabu, na mgongo wa kadi ukajaa michoro ya maua, nishani na maandishi ya kujipamba. Ukikuta nyuma ya kadi iliyopigwa Marekani kuna stempu ndogo ya kodi, una bahati: serikali ya Marekani ilitoza kodi hiyo kwa picha kuanzia tarehe 1 Septemba 1864 hadi tarehe 1 Agosti 1866, hivyo picha yako imejifunga ndani ya miaka miwili.

Lakini kadi inaonyesha siku picha ilipochapwa, na hiyo si lazima iwe siku iliyopigwa. Kadi nyingi za Norwei zina maneno Pladen opbevares, yaani bamba la kioo limehifadhiwa studio na nakala zaidi zinaweza kuagizwa. Familia iliweza kurudi miaka mingi baadaye, baada ya msiba, ikaomba nakala. Wengine walipeleka dagerotipu ya zamani ipigwe picha upya kwenye kadi ya kisasa. Nguo za miaka ya 1850 zikikaa juu ya kadi ya miaka ya 1890, amini nguo.

Mhuri wa studio

Jina la mpiga picha na mji wake ndiyo ufunguo wa pili. Miji ya Norwei imebadilisha majina kwa tarehe zinazojulikana, na mabadiliko hayo yanamsaidia mtafiti. Mji mkuu uliandikwa Christiania. Serikali ikaanza kuandika Kristiania mwaka 1877, halmashauri ya mji ikafuata mwaka 1897. Tarehe 1 Januari 1925 ukawa Oslo. Fredrikshald, mji wa mpakani na Sweden, uliitwa Halden kuanzia mwaka 1928. Trondhjem uliitwa Nidaros mwaka 1930, wananchi wakapinga, na mwaka 1931 ukawa Trondheim. Mhuri wenye neno Nidaros ni wa kipindi kifupi mno.

Wapiga picha wenyewe wameorodheshwa. Mwaka 1980 Susanne Bonge alitoa Eldre norske fotografer, kitabu kinachoorodhesha wapiga picha wa zamani wa Norwei pamoja na miji na miaka waliyofanya kazi. Preus museum, makumbusho ya taifa ya upigaji picha yaliyoko Horten, ni mahali pengine pa kuwatafuta. Studio zilihama kutoka mtaa hadi mtaa, na anwani iliyochapwa nyuma ya kadi inaweza kuubana muda ukawa miaka mitatu au minne. Nishani zilizochorwa kwenye mhuri nazo zina miaka: studio inayojivunia nishani ya maonyesho ya mwaka 1878 haikuchapa kadi hiyo kabla ya mwaka huo.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba mji wa studio ndio nyumbani kwa mhusika. Bergen, Christiania na Trondhjem zilikuwa bandari za kuondokea. Watu waliotoka mabonde ya mbali walisubiri meli hapo siku kadhaa, na wengi walitumia nafasi hiyo kupiga picha ya kuwaachia wazazi. Tena walikuwapo wapiga picha waliozunguka vijijini na kamera zao. Upande wa Marekani, anayejulikana sana kati yao ni Andreas Larsen Dahl, mhamiaji kutoka Valdres, ambaye katika miaka ya 1870 alizunguka Wisconsin akizipiga picha familia mbele ya nyumba zao, meza na viti na vitu vyao vya thamani vikiwa vimetolewa nje uani. Katika picha za namna hiyo majengo nayo ni ushahidi. Ghala dogo la magogo lililoinuliwa juu ya nguzo fupi, stabbur, linasema Norwei kwa nguvu kuliko uso wowote.

Mavazi, na jinsi yanavyodanganya

Mitindo ya mjini husaidia kukadiria muongo. Sketi pana iliyotandazwa kwa fremu ni ya miaka ya 1860. Gauni lililobinuka nyuma ya kiuno ni la miaka ya 1870 na 1880. Mikono iliyovimba begani kama puto ni ya miaka ya katikati ya 1890, na ilipita haraka. Kumbuka tu kwamba mwanamke wa miaka sabini aliweza kuvaa gauni lake la alipokuwa na miaka arobaini, kwa hiyo muongo usomwe kwa yule kijana anayefuata mitindo, usisomwe kwa bibi aliyeketi katikati.

Mambo manne huwapotosha watu mara kwa mara katika picha za Kinorwei.

La kwanza ni mwanamke aliyevaa nyeusi. Wengi humwita mjane. Lakini kwa mabibi harusi wengi wa Norwei katika karne ya 19, gauni la harusi lilikuwa jeusi, kwa sababu lilitakiwa kuvaliwa tena kanisani kwa miaka mingi. Tazama kama pembeni yake yuko mwanamume aliyevaa vizuri, na kama kuna shada kichwani au ua kifuani.

La pili ni mavazi ya jadi. Wilaya za Norwei zilikuwa na mavazi yao, na mtaalamu anaweza kuitambua wilaya kwa kitambaa cha kichwani, bizimu la fedha la kifuani, au urefu wa suruali ya wanaume wa Setesdal. Katika wilaya nyingi mwanamke aliyeolewa alifunika kichwa na msichana alikiacha wazi. Lakini vazi la Hardanger, lenye kitambaa cha shanga kifuani na aproni nyeupe, lilipendwa sana mwishoni mwa karne ya 19 likawa alama ya taifa zima. Wasichana wa mijini waliovutwa na hisia za uzalendo walilivaa, na studio nyingine ziliweka mavazi ya jadi kwa wateja waliotaka kuyavaa. Marcus Selmer, Mdenmarki aliyehamia Bergen mwaka 1852, alijipatia sifa kwa picha za watu katika mavazi ya wilaya, na picha hizo ziliuzwa kwa umma. Kwa hiyo binti aliyevaa Hardanger huenda hana uhusiano wowote na Hardanger, na huenda hata si wa ukoo wako.

La tatu ni rangi. Dawa za picha za wakati huo ziliona bluu kama nyeupe, na ziliona nyekundu na manjano kama giza. Macho ya bluu hutoka meupe karibu kama maziwa, nywele za manjano huonekana za kahawia, na kizibao chekundu huwa cheusi tii. Usimkatae mtu kwa sababu hadithi ya nyumbani ilisema alikuwa na nywele za dhahabu.

La nne ni mkono wa pete. Wanorwei huvaa pete ya ndoa mkono wa kulia. Anayejua desturi ya kushoto tu hutazama mkono wa kushoto, akauona mtupu, akaamua kwamba huyu ni dada ambaye hajaolewa. Tena picha za bati na dagerotipu hugeuza kushoto kuwa kulia, kama ufanyavyo mwonekano wa kioo. Kagua kwanza vifungo vya koti la mwanamume: upande wa kushoto wa koti hupaswa kulalia ule wa kulia. Ukiuona kinyume, picha imegeuzwa, na pete nayo isome kinyume.

Jina lisilorithiwa

Sasa tufike kwenye "nani". Kwa Mnorwei wa mashambani, jina lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza jina la ubatizo, kwa mfano Lars. Pili jina la baba: Lars mwana wa Knut ni Lars Knutsen, na dada yake ni Knutsdatter. Tatu jina la shamba anakoishi, ambalo lilikuwa anwani. Akihamia shamba lingine, sehemu ya tatu ilibadilika. Mke hakuchukua jina la mumewe. Alibaki binti wa baba yake. Hivyo baba, mama, mwana na binti ndani ya nyumba moja waliweza kuwa na majina manne tofauti, na hakuna aliyekosea. Sheria iliyodai kila familia iwe na jina la kudumu ilikuja mwaka 1923.

Waliohamia Marekani walilazimika kuchagua mapema. Ndugu wawili waliozaliwa na mama mmoja waliweza kuchagua tofauti, mmoja akabaki na jina la baba na mwingine akachukua la shamba. Knute Rockne, kocha mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, alizaliwa Voss mwaka 1888 akiitwa Knut Larsen Rokne. Rokne ni shamba. Jina la Walter Mondale, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, linatoka Mundal, huko Fjærland katika Sogn. Kwa hiyo jina lililoandikwa nyuma ya picha linaweza kukuelekeza moja kwa moja shambani. Ila angalia: mashamba yaitwayo Haugen, Bakken au Lien yako mengi katika wilaya nyingi, na peke yake jina la namna hiyo halikufikishi popote.

Utaratibu wa kuwapa watoto majina nao una faida yake. Kwa desturi iliyoenea, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mabinti vilevile kwa mabibi zao. Mtoto akifa, anayefuata alipewa jina lake. Mjane akiolewa tena, mtoto wa kwanza wa kiume wa ndoa mpya mara nyingi aliitwa jina la marehemu. Desturi hii inakusaidia kubashiri jina la babu usiyemjua, lakini pia inakuonya: katika kizazi kimoja wanaweza kuwapo binamu watano walioitwa Ole kwa sababu babu yao aliitwa Ole, wote wakiwa na umri unaokaribiana, wote wakiwa na pua ile ile.

Maandishi ya nyuma

Yakiwapo maandishi, yanakili herufi kwa herufi kabla ya kuyatafsiri. Wazee waliandika mwandiko wa Kigothi, ambao s yake hufanana na f na e yake hufanana na n. Sauti ambayo sasa huandikwa å ilikuwa ikiandikwa aa mpaka mageuzi ya tahajia ya mwaka 1917, hivyo mkono unaoandika å kwa kawaida ni wa baadaye, pengine wa mjukuu anayekumbuka alichosimuliwa. Maneno ya undugu ni machache na yana usahihi ambao msomaji wa Kiswahili atauthamini: farfar ni babu mzaa baba, morfar ni babu mzaa mama, morbror ni mjomba, farbror ni ami. Herufi f. kabla ya mwaka ni kuzaliwa; d. ni kufariki.

Jiulize pia ni nani aliyeshika kalamu. Neno Moder, yaani mama, ni mama wa mwandishi, na mwandishi anaweza kuwa binti, mkwe, au mwenye albamu aliyeipata miaka hamsini baadaye.

Sajili na sensa

Sasa muda na mahali vinaleta matunda. Kanisa la Kilutheri la Norwei liliandika ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko ya kila usharika, na kuanzia mwaka 1812 sajili hizo ziliwekwa kwa nakala mbili, moja ya mchungaji na moja ya karani wa kanisa. Waliohama usharika waliandikwa pia. Sensa zilizotaja watu kwa majina zilifanyika mwaka 1801, kisha 1865, 1875, 1891, 1900 na 1910. Ile ya mwaka 1910 inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Polisi wa Christiania na Trondhjem waliwaandikisha wahamiaji kuanzia mwaka 1867, wa Bergen kuanzia mwaka 1874. Sehemu kubwa ya hazina hii inasomeka bure kwenye tovuti ya Digitalarkivet ya Hifadhi ya Taifa ya Norwei. Zaidi ya hapo, wilaya nyingi zina bygdebok, kitabu kinachofuatilia kila shamba na kila familia iliyokaa humo, kizazi baada ya kizazi.

Kipaimara kina uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 1736 kilikuwa wajibu wa kisheria, na asiyekipata hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Kijana alikipokea akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, akavaa nguo za utu uzima kwa mara ya kwanza, na familia zilizojiweza zikampeleka studio. Ukiwa na kijana wa umri huo, nguo mpya zilizokaa wima, na kitabu cha nyimbo mkononi, tafuta sajili ya kipaimara ya miaka unayoikadiria. Orodha ni fupi, na inataja tarehe ya kuzaliwa na wazazi.

Mfano mmoja wa kubuni uonyeshe jinsi vipande hivi vinavyoungana. Familia ya Iowa ina kabinett yenye kingo za dhahabu na mhuri wa Bergen. Mwanamke wa miaka thelathini hivi ameketi. Kando yake mvulana wa miaka sita. Mapajani mtoto wa miaka miwili aliyevaa gauni, nywele zimechanwa kutoka upande mmoja. Pete iko mkono wa kulia. Hakuna mwanamume. Nyuma pameandikwa Til Fader, kwa Baba. Ukoo unajua kwamba ndugu wawili walitangulia Marekani wakiwaacha wake zao, na kila tawi linadai picha ni yake.

Orodha ya wapiga picha inaonyesha studio ilikuwa kwenye anwani ile kati ya mwaka 1884 na 1888. Sajili ya ubatizo inasema watoto wa ndugu mkubwa walizaliwa 1871 na 1874. Wakati huo wangekuwa wakubwa mno. Wa ndugu mdogo walizaliwa 1879 na 1883, wote wavulana. Gauni la mdogo si kikwazo, kwa kuwa wavulana wadogo walivalishwa magauni, na nywele zilizochanwa kwa upande mara nyingi ni alama ya mvulana. Lakini kazi haijaisha. Ndugu hao walikuwa na dada aliyebaki nyumbani, naye ana watoto wa umri ule ule. Je, "Baba" ni baba wa wale ndugu? Sajili ya maziko inaonyesha mzee alifariki 1878, kwa hiyo dada hakuwa na baba wa kumwandikia. Mwisho, daftari la polisi wa Bergen linamtaja mke wa ndugu mdogo akipanda meli Aprili 1886 na wavulana wawili, wa miaka saba na mitatu.

Limebaki swali moja: kwa nini ukoo unamkumbuka mvulana mmoja tu? Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 iliwauliza wanawake wamezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Huyu alijibu wanne, watatu wakiwa hai. Mtoto wa mapajani hakukua. Familia iliyokuwa ikitafuta jina la bibi imempata na mwana ambaye hakuna aliyejua kuwa alikuwapo. Kazi hii inastahili subira yote inayodai kwa sababu ya watu kama huyo mtoto, ambao hawakuacha kizazi cha kuwasimulia.

Nyuso

Kulinganisha nyuso kuna nafasi yake, lakini kuje mwisho. Katika mfano wetu, mke wa ndugu mdogo na wifi yake wangeweza kufanana kwa nywele, kola na mkao, kwa sababu studio moja iliwaketisha wote namna moja. Ukilinganisha, acha nywele na ndevu. Tazama umbo la sikio, umbali kati ya macho, mstari wa nyusi na kidevu. Programu za kulinganisha nyuso zinaweza kupendekeza, lakini ndugu na binamu hufanana kwa asili, na programu haijui nani alizaliwa lini. Ufanano uunge mkono ushahidi. Usichukue nafasi yake.

Kumbuka pia kwamba watu waliweka picha za wasio ndugu. Kadi za Mfalme Oscar II na za mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson ziliuzwa madukani na kupangwa katika albamu pamoja na shangazi na wajomba. Mzee mwenye ndevu za heshima katika ukurasa wa kwanza anaweza kuwa mchungaji aliyependwa. Kabla ya kutenganisha albamu, piga picha kila ukurasa kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio wenyewe ni maelezo: mume na mke hukaa ubavu kwa ubavu, na watoto hufuata.

Pacha wa picha

Kadi ziliuzwa kwa dazani, na hapa ndipo penye tumaini kubwa kuliko yote. Picha isiyo na jina huko Iowa inaweza kuwa na nakala katika nyumba ya Sogn au Telemark, na ile nakala ikawa na jina. Aliyehama aliondoka na picha za waliobaki, waliobaki wakahifadhi za aliyehama. Kila upande uliandika majina ya wale ambao upande huo uliogopa kuwasahau.

Kwa hiyo tuma picha ng'ambo. Andikia chama cha historia cha wilaya husika. Tafuta katika DigitaltMuseum, ambako makumbusho ya Norwei yameweka makusanyo yao. Kwa upande wa Marekani, wazao wa kila wilaya wana vyama vyao viitwavyo bygdelag. Cha kwanza, cha watu wa Valdres, kilianza mwaka 1899. Decorah, Iowa, kuna Vesterheim, makumbusho ya Wanorwei wa Marekani yenye mizizi tangu mwaka 1877. Na kabla ya yote hayo, kaa na mzee wa ukoo aliye hai, umwekee picha mkononi bila kumtajia jina unalolidhania. Ukimtajia, atakubali kwa upendo. Ukinyamaza, atasema anachokijua.

Kuandika jina

Jina likipatikana, liandike kwa penseli laini ukingoni nyuma ya kadi, au kwenye bahasha isiyo na asidi, pamoja na sababu zako: mhuri, miaka ya studio, ukurasa wa sajili, aliyethibitisha na tarehe. Andika jina kamili la wakati ule, yaani jina la ubatizo, la baba na la shamba, kisha lile lililotumika Marekani. Usifute maandishi ya zamani hata ukiwa na hakika kwamba yamekosea. Weka maelezo yako kando yake.

Tenganisha viwango vitatu: imethibitishwa, yaelekea, na yadhaniwa. Neno "imethibitishwa" lihitaji angalau mashahidi wawili wasiotegemeana, mmoja kutoka kwenye picha na mwingine kutoka kwenye kumbukumbu au nakala iliyoandikwa jina. Chini ya hapo, weka alama ya kuuliza na uiache wazi wazi, hata kama ukoo mzima una hamu ya kuifuta.

Ukali huu una sababu. Picha isiyo na jina bado inatafutwa. Kila kizazi kitauliza. Picha yenye jina lisilo sahihi haitafutwi tena. Itanakiliwa kwenye miti ya ukoo ya mamia ya watu, na mwanamke mmoja atapotea mara mbili: uso wake umepewa mtu mwingine, na jina lake limebandikwa uso usio wake. Watu hao walilipia picha hiyo kwa fedha ya jasho ili wasisahauliwe na waliovuka bahari. Wanatudai usahihi, na pale usahihi usipopatikana, wanatudai swali lililoachwa wazi.